KUGAWANA KITABU NA KUGAWANA FIKRA
Uhakiki wa Kazi ya Vikundi Katika Ufundishaji wa Tamthilia ya Kiswahili

Mzizi wa neno shiriki umezaa katika Kiswahili maneno kadhaa ambayo walimu huyatumia kana kwamba yana maana moja. Kuna ushirika, ambao kwa mkulima wa kahawa ni chama chenye daftari, hisa na mwenyekiti. Kuna kushirikisha, yaani kumfanya mtu mwingine ashiriki, na hapa kiambishi cha usababishi chaonyesha wazi kwamba yuko mwenye shughuli na yuko mwenye kukaribishwa ndani yake. Kisha kuna kushirikiana, ambako kiambishi -an- chadai pande mbili zitendeane, kila mmoja awe mtenda na mtendwa. Katika maandishi ya elimu ya siku hizi istilahi iliyoenea ni "ujifunzaji shirikishi", na istilahi hiyo imeundwa kutokana na kitenzi cha pili, si cha tatu. Yamkini jambo hili ni bahati tu ya uundaji wa istilahi, na lingekuwa kosa kujenga hoja nzima juu ya kiambishi kimoja. Hata hivyo, mtu aingiapo katika darasa la sekondari wakati wa somo la fasihi, akawakuta wanafunzi wamegeuza madawati wakatazamana, aghalabu ataona kwamba kiambishi kile kimesema kweli kuliko walivyokusudia waundaji wake. Mwalimu amewashirikisha wanafunzi. Wanafunzi wenyewe hawajashirikiana.

Makala hii inahakiki namna moja tu ya kazi ya vikundi, nayo ni ile itumikayo kufundishia tamthilia katika shule za sekondari za Kenya. Suala lenyewe si dogo. Mtaala wa umilisi, ambao majaribio yake yalianza mwaka 2017 na ambao ulifika gredi ya saba mwaka 2023, umeuweka ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi ambao kila mtoto anatarajiwa kuupata, na shughuli nyingi za somo la Kiswahili zimepangwa zifanywe wawili wawili au katika vikundi. Kwa hiyo kile ambacho katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, kilikuwa hiari ya mwalimu mwenye ari, sasa kimekuwa agizo. Jambo likiwa agizo kabla halijahakikiwa, makosa yake nayo huwa agizo.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Darasa limekwisha kuisoma tamthilia, au limesomewa. Mwalimu anawagawa wanafunzi katika vikundi vitano au sita. Kikundi cha kwanza kinapewa maudhui na dhamira; cha pili, wahusika; cha tatu, mbinu za lugha; cha nne, mbinu za sanaa; cha tano, mandhari na ufaafu wa anwani. Kila kikundi kinamchagua mwenyekiti na katibu. Baada ya nusu saa makatibu wanasimama mmoja baada ya mwingine na kusoma walichoandika, na wengine wananakili. Mwisho wa kipindi kila mwanafunzi ana madondoo ya tamthilia nzima katika daftari lake. Kwa sura ya nje, kazi imefanyika: darasa lilikuwa na shughuli, mwalimu hakuhutubu, na mkaguzi akipita dirishani atafurahi.

Kasoro ya kwanza ya utaratibu huu inajulikana na kila mwalimu, wala haihitaji maneno mengi. Vitabu vya mwongozo vinavyouzwa madukani vimeyapanga mambo hayohayo kwa vichwa hivyohivyo. Katibu mwenye nakala ya mwongozo anainakili mapema, wenzake wanazungumza habari za kandanda, na kikundi kinamaliza kabla ya wakati. Waalimu wengi humlaumu mwanafunzi kwa uvivu. Lawama hiyo si ya haki kabisa. Mwanafunzi ameulizwa swali ambalo jibu lake limekwisha kuchapishwa, na ametumia akili kwa kulichukua pale lilipo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo kiini cha makala hii. Mgawanyo huu wa kazi unabeba nadharia ya fasihi ambayo hakuna mhakiki wa leo angethubutu kuitetea hadharani. Wahakiki wa Kiswahili wamebishana kwa miaka mingi juu ya uhusiano wa fani na maudhui. Mfano wa chai na kikombe, ambao unaifanya fani kuwa chombo kitupu na maudhui kuwa kinywaji kinachotiwa ndani yake, umekosolewa mara kwa mara kwa sababu chai yaweza kumiminwa katika kikombe kingine ikabaki chai ileile, ilhali kazi ya fasihi haiwezi. Katika mihadhara ya chuo kikuu walimu wa kesho wanaambiwa kwamba fani na maudhui havitenganishiki. Wakifika shuleni, walimu haohao wanakipa kikundi kimoja chai na kikundi cha pili kikombe. Kimani Njogu na Rocha Chimerah walikwisha kuonyesha katika Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu (1999), tangu katika jina la kitabu chao, kwamba nadharia ya fasihi na mbinu ya kuifundisha ni mambo ya kuzungumzwa pamoja. Darasani bado yanatembea mbalimbali.

Ili kuona madhara yake, inafaa kuchukua kazi moja. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inafahamika vya kutosha kwa wasomaji wa jarida hili hata isihitajike kusimuliwa yote. Inahusu Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika baina ya mwaka 1905 na 1907, ingawa mwandishi amewatanabahisha wasomaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Watu wanateseka katika mashamba ya pamba. Kitunda hawezi hata kumlinda binti yake Chausiku dhidi ya Mnyapara. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na neno la Hongo na maji, na watu wa makabila yaliyokuwa yakitengana wanaungana. Lakini katika neno lile limo jambo linalomtia Kinjeketile shaka, nalo ni kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anataka vita visubiri. Watu hawasubiri. Mwishoni, akiwa gerezani pamoja na Kitunda, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa siku ya kukana ndiyo siku ambayo vizazi vitaambiwa kwamba wazee wao walipigania uongo.

Sasa kitu kimoja, maji, kitazamwe jinsi kinavyopita katika vikundi vitano. Kikundi cha maudhui kinaandika "umoja" na "ukombozi". Kikundi cha wahusika kinaandika kwamba Kinjeketile ni jasiri, mzalendo na mshirikina, sifa tatu zenye kupigwa mstari, bila kuulizana inawezekanaje mtu mmoja awe nazo zote. Kikundi cha mbinu za lugha kinaandika kwamba maji ni jazanda. Kikundi cha mbinu za sanaa kinaandika "taharuki" na "kinaya". Yote haya si uongo. Lakini maji katika tamthilia hii ni dhamira, ni tendo la mhusika, ni jazanda na ni kinaya kwa wakati mmoja, na nguvu ya onyesho la mwisho inatokana na mambo hayo manne kugongana katika kinywa cha mtu mmoja aliyefungwa. Hakuna kikundi kilichopewa nafasi ya kuuona mgongano huo. Swali ambalo mtazamaji anatoka nalo ukumbini, yaani kama Kinjeketile anasema kweli au anadanganya anapokataa kukana, haliwezi kuulizwa na kikundi chochote kwa sababu si mali ya kikundi chochote. Darasa limeigawana tamthilia, na katika kuigawana limeipoteza.

Yafaa kuulizwa mgawanyo huu umetoka wapi. Kwa sehemu umetoka katika mtihani, na suala la mtihani litarejelewa. Kwa sehemu nyingine ni mwigo wa mbali wa mbinu maarufu iliyoanzishwa na Elliot Aronson pamoja na wanafunzi wake katika mji wa Austin, Texas, mwaka 1971. Shule za mji huo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto Weupe, Weusi na wale wa asili ya Meksiko, na madarasa yalijaa uhasama. Aronson alitambua kwamba taratibu za kawaida za darasa, ambapo watoto wanashindania sifa ya mwalimu, ziliuchochea uhasama huo. Akaligawa somo vipande, akampa kila mtoto katika kikundi kipande kimoja tu, hata ikawa hakuna awezaye kuujua mzima asipowasikiliza wenzake. Watoto waliopewa kipande kinacholingana kutoka vikundi mbalimbali walikutana kwanza, wakakielewa, kisha kila mmoja akarudi kwa wenzake kuwafundisha. Mfano ulioelezwa katika maandishi yake ni wa wasifu wa Joseph Pulitzer, uliokatwa aya sita. Katika kikundi hicho alikuwamo mtoto aliyepewa jina la Carlos, ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, akigugumia na kuchekwa. Waliendelea kumcheka mpaka walipokumbushwa kwamba mtihani u karibu na kwamba kipande chake hakipatikani kwa mtu mwingine. Hapo wakajifunza kumuuliza maswali ya kumsaidia aseme.

Mambo mawili yaliifanya mbinu ile ifae. La kwanza ni kwamba kila kipande kilikuwa cha lazima na hakikuwa na mlango wa pili: hapakuwa na mwongozo dukani. La pili ni kwamba wasifu wa mtu hukatika. Utoto wa Pulitzer ni kipande, ujana wake ni kipande, na mwenye kipande cha ujana anaweza kukieleza bila kukiharibu. Wataalamu waliofuata, kina David na Roger Johnson wa Minnesota na Robert Slavin wa Johns Hopkins, wamesisitiza kwa njia zao mbalimbali kwamba kikundi hakiwi kikundi kwa kukaa pamoja. Lazima wanakikundi wategemeane, na lazima kila mmoja awajibike kwa alichojifunza. Katika safari ya kutoka Texas hadi madarasa ya Kenya, vipande vilifika lakini kutegemeana kulibaki njiani. Kikundi cha wahusika hakimhitaji mtu wa kikundi cha dhamira ili kimalize kazi yake. Kinamhitaji baadaye tu, kwa ajili ya kunakili.

Je, tamthilia basi haiwezi kugawanywa? Yaweza, lakini kwa mshono wake wenyewe. Tamthilia, tofauti na insha au wasifu, imejengwa kwa watu ambao hakuna hata mmoja wao ajuaye yote. Kinjeketile peke yake ndiye aliyekuwa ndani ya maji na ndiye anayejua shaka yake ilivyo. Kitunda ameona askari wanavyofunzwa na amekuwa baba asiyeweza kumlinda binti yake. Alichokipata kutoka mtoni amekisikia tu. Wake zao wanajua njaa iliyomo nyumbani, nao ndio tunaowakuta jukwaani mwanzo kabisa. Watu waliokusanyika kutoka makabila mbalimbali wanalijua neno walilolisikia, na hawajui kwamba aliyelitamka ana mashaka nalo. Ujuzi katika tamthilia umekwisha kugawanywa na mwandishi mwenyewe. Mwalimu hana haja ya kuleta kisu chake.

Katika darasa la wanafunzi arobaini na wanane, pande hizo nne zaweza kupewa wanafunzi kumi na wawili kila upande, wakae sita sita ili vikundi visiwe vikubwa mno. Kazi ya kila upande ni kuisoma tena tamthilia kwa macho ya mtu wake na kuandika mambo matatu tu: nimeona nini, nimesikia nini kwa wengine, na nini sikujua. Hilo la tatu ndilo gumu na ndilo lenye faida, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi atofautishe anachokijua yeye msomaji na anachokijua mhusika. Kinaya cha kidrama, ambacho mwongozo wowote hukieleza kwa sentensi moja isiyoeleweka, hapa kinagunduliwa na mwanafunzi mwenyewe akiwa kazini. Kisha darasa lipangwe upya katika vikundi kumi na viwili vya watu wanne, kila kikundi kikiwa na mtu mmoja kutoka kila upande, nalo swali liwe moja: Kinjeketile alipokataa kukana, alidanganya? Sharti ni kwamba hapana aruhusiwaye kutumia jambo ambalo mtu wake hakulijua, na kila asemaye ataje tukio la jukwaani analolitegemea.

Kinachotarajiwa katika vikundi hivyo si maafikiano. Mwenye upande wa watu atasema kwamba walidanganywa, au atasema kwamba maji yaliwapa umoja wasioupata kwa njia nyingine na kwa hiyo yalikuwa kweli. Mwenye upande wa Kitunda ataleta hesabu ya waliokufa. Mwenye upande wa wanawake pengine atauliza ni nani aliyewashauri wao. Mwenye Kinjeketile ndiye atakayekuwa na kazi nzito kuliko wote, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kwamba hakuwa na hakika, na lazima aamue kama kutokuwa na hakika ni uongo. Huyu hawezi kunyamaza. Bila yeye wale watatu hawana la kuendelea nalo. Ni Carlos aliyerudi, lakini sasa anabeba kitu ambacho mwandishi mwenyewe alikificha kwake.

Vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika themanini, vyatosha kwa kazi hii, ingawa havitoshi kwa tamthilia nzima, na mwalimu atakayejaribu kuufanya utaratibu huu kila wiki atachoka na kuwachosha wengine. Kadhalika ni lazima ikubaliwe kwamba haufai kila utanzu. Shairi la tarbia lenye sauti moja halina mshono wa namna hii. Riwaya yenye msimulizi ajuaye yote inakataa pia, kwa kuwa msimulizi amekwisha kutuambia yaliyo mioyoni mwa wote. Na iko hatari ambayo haipaswi kufunikwa: wanafunzi wanaweza kutoka na kauli kwamba kila mtu ana maoni yake, kauli ambayo ni kifo cha uhakiki. Dawa yake ni lile sharti la kutaja tukio. Maoni yasiyo na tukio la jukwaani hayaandikwi katika daftari la kikundi, hata yakiwa matamu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mageni na kwamba mwanafunzi wa Kiafrika hana haja ya kufundishwa kushirikiana kwa mbinu za Texas. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini mara nyingi inasemwa kwa wepesi mno, kana kwamba kila kilichofanywa na watu wengi pamoja kilikuwa ushirikiano wa fikra. Utanzu wa ngonjera ni mfano mzuri wa tahadhari. Mathias Mnyampala aliutumia utanzu huo, na diwani zake za Ngonjera za UKUTA zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kufa kwake, zilichukuliwa shuleni Tanzania kuenezea siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa sura, ngonjera ni majadiliano: mmoja anauliza, wa pili anajibu, wa tatu anapinga. Lakini wanaojibizana wameandikiwa na mtu mmoja, asiyejua na ajuaye wamekwisha kupangiwa nafasi zao, na tangu ubeti wa kwanza inajulikana ni nani atakayekiri kosa katika ubeti wa mwisho. Ngonjera ilikuwa na kazi yake katika taifa lililotaka kuwafikia watu wengi kwa haraka, na hapa haishutumiwi kwa kazi hiyo. Linalosemwa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya vikundi ya leo ni ngonjera isiyo na vina. Wanafunzi wanapewa sauti tano za kusema jibu moja.

Mfano ulio bora zaidi umo katika ushairi huohuo, tena mkongwe zaidi. Washairi wa pwani walijibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, siku ambazo miji yao ilikuwa katika uhasama wa kweli, na mkusanyo wa Mohamed Abdulaziz wa mwaka 1979 umeusaidia ulimwengu wa taaluma kuuona mkondo huo. Atakaye kumjibu mshairi mwenzake humsikiliza kwanza, akalifumbua fumbo lake, akaitwaa mizani yake na mara nyingi vina vyake, ndipo apate kumpinga. Asiyesikiliza hajibu, anatunga shairi lingine tu. Huku ndiko kutegemeana wanakokutafuta kina Johnson, na kumetiwa ndani ya umbo la sanaa yenyewe, bila mwenyekiti wala katibu. Tena wanaotegemeana si marafiki. Jambo hili walimu wangelizingatia kabla ya kudhani kwamba kikundi kizuri ni kile kisicho na ugomvi. Mwalimu wa fasihi angeweza kuanza hapa, kwa kikundi kimoja kutunga ubeti wa kuuliza na kikundi cha pili kulazimika kujibu kwa vina vilevile, kabla hajagusa tamthilia yoyote.

Suala la lugha ya kikundini haliwezi kurukwa katika jarida la lugha. Mwalimu akigeuka, wanafunzi wa mjini wanahamia Sheng au Kiingereza, na wa mashambani wanahamia lugha ya mama. Katika shule kadhaa mwenyekiti wa kikundi anapewa kazi ya kuandika majina ya wanaokosea lugha, na hivyo utaratibu wa kibao, ambao Ngugi wa Thiong'o aliueleza mwaka 1986 katika Decolonising the Mind kuhusu shule za ukoloni, unarudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa niaba ya Kiswahili. Hili ni jambo la kusikitisha, na walimu wa Kiswahili wangekuwa wa mwisho kulifanya. Kikundi chenye mpelelezi ndani yake hakiwezi kufikiri. Yafaa mazungumzo ya kwanza, yale ya kutafuta fikra, yaachwe yende kwa lugha itakayowajia wanafunzi, na Kiswahili sanifu kidaiwe pale fikra inapoandikwa na kusomwa mbele ya darasa. Wapo wanaisimu watakaopinga, wakisema kwamba fursa adimu ya kuzungumza Kiswahili imepotezwa. Lakini kazi ya kuitoa hoja kutoka Sheng na kuiandika kwa Kiswahili sanifu, wanne wakibishana kama neno hili linabeba lile, ni kazi ya lugha ngumu kuliko kurudia sentensi za mwongozo ambazo tayari ni sanifu. Mwalimu akipita na kuwasikia wakitafuta neno la Kiswahili lenye maana ya mtu aliyeamini kwa nusu, ajue kwamba somo la msamiati limeanza lenyewe.

Limebaki suala la mtihani, ambalo ndilo linalowatia walimu hofu, na ni haki yao kuogopa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, yenye alama themanini, inajibiwa na mtahiniwa peke yake, naye anaulizwa aeleze muktadha wa dondoo, ataje mbinu na afafanue maudhui. Mwalimu anayewapa vikundi vichwa vya mwongozo anajua anachokifanya: anagawana na wanafunzi kazi ya kuandaa majibu. Hata hivyo hesabu yake ina kosa. Swali la muktadha linadai kwamba mtahiniwa ajue ni nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi na kwa sababu gani. Yaani linauliza ni nani anayejua nini wakati huo. Hakuna kichwa cha mwongozo kinachofundisha jambo hilo, na mwanafunzi aliyetumia dakika arobaini akiorodhesha asiyoyajua Kitunda amekuwa akijiandaa kwa swali hilo bila kuambiwa. Ya mbinu na maudhui yatafuata katika kipindi cha pili, mwalimu akiwarudisha wanafunzi kwenye mambo waliyokwisha kuyabishania na kuwapa istilahi zake: kile ulichokiona kinaitwa kinaya, na kile mlichogombania kinaitwa jazanda. Istilahi inakuja baada ya kitu, kama ipasavyo.

Tatizo la nakala chache za vitabu haliondoki kwa utaratibu wowote. Pale ambapo nakala moja inasomwa na watatu, kikundi kinaundwa na uhaba kabla ya kuundwa na mwalimu, na anayeshika kitabu ndiye anayeamua ukurasa ugeuzwe lini. Katika vikundi vya pande nne angalau lipo jambo moja la kufanya: kitabu kishikwe na yule ambaye mhusika wake anajua machache kuliko wote, na wengine wamuombe awasomee.